Mzigo wa Duka Dogo Kigoma: Namna ya Kuhesabu Stoo na Kuagiza kwa Wakati

Kila anayefungua duka la rejareja Kigoma hufika mahali akauliza maswali yaleyale. Nilete sukari kiasi gani? Mbona duka limejaa na hela ya kuongeza mzigo sina? Ninunue Mwanga, hapahapa mjini, au niagize Kahama? Kwa nini sabuni inaisha siku ileile watu wanapoitaka? Gungu wanauliza, Ujiji wanauliza, Mwandiga wanauliza. Jibu langu ni moja: acha kuhesabu bidhaa kwa katoni peke yake, ihesabu kwa siku. Ukijua kwamba sabuni iliyopo itakufikisha siku nane, na mzigo mpya huchukua siku sita kufika, la kufanya umeshalijua. Usipoyajua hayo mawili, unaagiza kwa kubahatisha.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana tuko mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na bidhaa nyingi za viwandani zinakata njia yote hiyo kwa treni au lori, nyingine zikipitia Kahama au Mwanza. Ukishafika, mzigo huohuo unagombewa na wanunuzi wa Burundi na Congo wanaovusha ziwani. Duka la jumla ulilolikuta limejaa Jumatatu unaweza kulikuta tupu Alhamisi. Mwenye duka la Dar akiishiwa hurudi Kariakoo jioni ileile. Wewe huna nafasi hiyo.

Mwongozo huu ni wa duka la vyakula na vitu vya nyumbani: sukari, sembe, mchele, mafuta, sabuni, chumvi, biskuti, soda. Mwenye duka la dawa, pembejeo au vipuri atapata hesabu za kumfaa, lakini biashara hizo zina masharti yake ambayo hayamo humu.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kaunta buku mbili. Moja ya stoo, moja ya manunuzi na madeni. Usichanganye.
- Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Uhakiki ni wa kila mwaka, kwa hiyo angalia stika yako ni ya mwaka gani.
- Kalkuleta, ya simu inatosha.
- Maka peni nene ya kuandikia tarehe kwenye katoni na viroba.
- Boksi au faili la risiti zote za manunuzi.
- Chaga za mbao za kuwekea viroba, ili visikae sakafuni.
- Nusu siku ambayo duka limefungwa.

Programu za simu za kusimamia duka zipo na zinasaidia. Lakini asiyeweza kuandika daftari kwa mwezi mmoja hataweza kuijaza programu pia. Anza na daftari.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu kila kilichomo, duka likiwa limefungwa

Toa vitu shelfuni, futa vumbi, hesabu, andika. Usihesabu huku unauza. Mteja mmoja wa robo ya sukari anatosha kukuvuruga. Kila bidhaa ipate ukurasa wake kwenye daftari la stoo, na ukurasa uwe na safu tano: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, maelezo. Juu kabisa andika kipimo unachotumia. Sabuni hesabu kwa miche, sukari kwa kilo, soda kwa chupa. Leo ukiandika katoni na kesho ukaandika miche, ukurasa huo hautakusaidia.

Vilivyoharibika na vilivyopita tarehe vitenge siku hiyohiyo. Usivirudishe shelfuni kwa kuwaza kwamba pengine atatokea wa kuvinunua. Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, hupita madukani kukagua bidhaa za namna hiyo. Tena kabla ya TBS kuna mtoto wa jirani anayetumwa maziwa.

2. Gawa bidhaa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni bidhaa zinazobeba duka. Mara nyingi hazizidi kumi au kumi na tano: sukari, sembe, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche, sabuni ya unga, chumvi, majani ya chai, ngano. Mteja akizikosa, anahamia duka la pili na kununua kila kitu huko. Hizi hazitakiwi kuisha kabisa.

Fungu la pili ni zinazouzika wastani. Fungu la tatu ni zinazokaa: mafuta ya nywele ya aina ya sita, juisi ambayo watu wawili waliwahi kuiulizia, vikombe vya mapambo. Fungu la tatu ndilo linalopendezesha duka, na ndilo linalokula mtaji.

Anza na fungu la kwanza peke yake. Ukijitwisha bidhaa mia mbili kwa siku moja, wiki ya pili utaliacha daftari.

3. Tafuta gharama halisi mpaka shelfuni

Bei ya duka la jumla si gharama yako. Jumlisha nauli ya mzigo, kupakia na kupakua, bajaji, vifungashio, na upotevu wa kupima.

Chukua kiroba cha sukari cha kilo 50. Namba hizi ni za kujifunzia tu, weka za kwako. Umekinunua 145,000. Bajaji 2,000, kupakua 500, vifungashio 2,500. Gharama halisi ni 150,000. Unauza robo kwa 800, na kiroba kina robo 200, kwa hiyo unategemea 160,000. Faida ni 10,000.

Sasa simama karibu na mizani. Anayepima kwa kopo bila kuangalia mshale huwa anaweka gramu 260 badala ya 250. Hazionekani kwa macho. Lakini gramu 50,000 ukizigawa kwa 260 unapata robo 192. Robo nane, yaani kilo mbili nzima, zimeondoka. Nane mara 800 ni 6,400. Faida yako ya 10,000 imebaki 3,600, na hakuna aliyekuibia. Pima kwa mizani kila mara, na kiroba kikiisha andika robo ngapi zimetoka. Na usije ukageuza hesabu hii ukampunja mteja. Robo yake ni gramu 250, si 240.

4. Jua unauza kiasi gani kwa siku

Huhitaji kuandika kila mche unaotoka. Jioni, ukifunga, hesabu zile bidhaa za fungu la kwanza. Ilivyokuwa asubuhi, jumlisha iliyoingia, toa iliyobaki, unapata iliyotoka. Bidhaa kumi ni kazi ya robo saa.

Fanya hivyo kwa siku 14 angalau, kisha tafuta wastani. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Tuseme ndani ya siku 14 umeuza miche 108 ya sabuni. Ukigawa kwa 14 unapata 7 na ushee. Lakini angalia ukurasa: kuna siku mbili sabuni ilikuwa imeisha kabisa. Siku hizo watu waliitaka, wewe hukuwa nayo. Usizihesabu. Gawa 108 kwa 12, unapata 9. Tisa ndiyo namba ya kweli. Anayegawa kwa 14 anaagiza pungufu, anaishiwa tena, wastani unashuka tena, naye anajiambia kwamba sabuni siku hizi haitoki.

Kosa la pili ni la wanaouza karibu na mwalo wa Kibirizi, zinakotia nanga boti za vijijini. Mteja wa kijiji cha ziwani anashuka kwenye boti, anachukua dazeni tano za sabuni kwa mkupuo, anapanda kurudi Mwamgongo au Kalya. Hayo ni mauzo mazuri, lakini si mauzo ya kila siku. Yaandike, uweke alama ya J pembeni, yaani jumla, na usiyatie kwenye wastani. Kama mteja huyo anarudi kila baada ya muda unaoujua, mwekee mzigo wake mbali na wa rejareja.

La tatu linahusu mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti samaki ipasavyo na vyombo vingi hupumzika. Duka lililo Kibirizi au Katonga linaona tofauti hiyo kwenye droo: wakati wa giza hela iko mikononi, wakati wa mbalamwezi watu wanaomba kuandikiwa. Ukipima wastani siku 14 za giza peke yake utaagiza kupita kiasi. Maduka ya mwaloni yapime mwezi mzima wa mwandamo, siku 29 au 30, na yatafute wastani mbili, wa giza na wa mbalamwezi.

5. Jua mzigo unachukua siku ngapi kufika

Hesabu kuanzia siku uliyotuma hela mpaka siku bidhaa iko shelfuni. Usihesabu siku alizokuambia msambazaji. Hesabu zilizopita kweli. Kwenye daftari la manunuzi weka tarehe ya kutuma hela na tarehe ya kupokea. Baada ya mizigo minne au mitano utakuwa na namba mbili: siku za kawaida, na siku nyingi kuliko zote. Kwa mfano wetu, tuseme sabuni ya Kahama huchukua siku 6, na iliwahi kuchukua 10 wakati wa mvua.

6. Weka mstari wa kuagiza

Huu ndio moyo wa kazi yote. Mstari wa kuagiza ni idadi ambayo ukiifikia unaagiza siku hiyohiyo, bila kusubiri mwisho wa wiki.

Mauzo ya siku, mara siku za kawaida za kusubiri: 9 × 6 = 54.
Akiba ya kuchelewa, siku 4 zilizozidi: 9 × 4 = 36.
Mstari wa kuagiza: 54 + 36 = 90.

Andika 90 kwa maka peni juu ya ukurasa wa sabuni. Ukurasa utasomeka hivi:

Tarehe 2: imetoka 10, imebaki 98.
Tarehe 3: imetoka 8, imebaki 90. AGIZA.

Mwenzako atakayeona miche tisini imepangwa hadi juu atashangaa unaagiza kwa haraka gani. Tisini ni siku kumi tu, na barabara ina mambo yake.

*Angalizo:* mstari haukai milele. Mauzo yakibadilika, au ukibadilisha unakonunua, uhesabu upya. Kila baada ya miezi miwili inatosha kwa duka tulivu.

7. Amua kiasi cha kuagiza, kisha linganisha unakonunua

Nimeziweka hatua hizi mbili pamoja kwa sababu haziachani.

Mtu akisikia kwamba katoni ya sabuni Kahama ni 28,000 na Mwanga ni 30,000, akili yote inaenda kwenye zile elfu mbili. Tulia upige hesabu. Katoni ya Kahama: 28,000, nauli ya mzigo 1,000, kupakua 200, bajaji ya mjini 300. Imefika 29,500. Katoni ya Mwanga: 30,000, na fungu lake la bajaji 200. Imefika 30,200. Tofauti ya kweli ni 700.

Ukiagiza Kahama unaleta mzigo wa wiki mbili: 9 × 14 = 126. Kama katoni ina miche kumi, ni katoni 13. Zinakugharimu 383,500, na umeokoa 9,100 kulinganisha na Mwanga. Sasa tazama upande wa pili. Ukinunua Mwanga mzigo uko dukani siku hiyohiyo au kesho yake, kwa hiyo katoni tano zinakutosha siku tano, kwa 151,000. Tofauti ya 232,500 inabaki mkononi. Kwa mwenye mtaji wa milioni moja na nusu, hela hiyo ni kiroba cha sukari na ndoo ya mafuta ambavyo vinatoka na kurudi kabla sabuni ya Kahama haijashushwa garini.

Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo namshauri anunue karibu, kidogokidogo, hata kama bei iko juu kidogo. Kuagiza mbali kuna maana kwa bidhaa isiyoharibika, inayotoka kila siku bila kusuasua, na ambayo hela yake haihitajiki kwingine kwa wiki mbili. Au muwe wenye maduka watatu mnaoaminiana, muungane kwenye mzigo mmoja na kugawana nauli. Hapo hesabu inabadilika kabisa. Kusafiri mwenyewe kwenda kununua katoni 13 ni kuitupa ile 9,100 kwenye tiketi na chakula cha njiani.

Na usimtegemee msambazaji mmoja kwa bidhaa za fungu la kwanza. Kuwa na wawili. Mmoja awe wa kila siku, wa pili awe anakufahamu kwa jina hata kama unanunua kwake mara moja kwa mwezi. Siku mzigo wa mjini utakapovushwa wote ziwani, utajua kwa nini.

*Angalizo kuhusu ofa:* gari la kampuni linapita mtaani na kusema nunua katoni kumi, ya kumi na moja bure. Uliza daftari: katoni kumi na moja zinatoka kwa siku ngapi, na tarehe ya mwisho wa matumizi ni lini? Kama zitakaa miezi minne, ile moja ya bure imeshalipwa na mtaji wako.

8. Lipa kwa uangalifu

Tuma hela kwenye namba ya malipo ya biashara, usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiletewa ujumbe kwamba namba imebadilika, piga simu kwa namba ya zamani kwanza. Daima dai risiti. Mbali na kukulinda mzigo ukipotea, sheria ya kodi ya mapato inamtofautisha mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu na asiyetunza; kwa wenye mauzo madogo, asiye na kumbukumbu hutozwa kiwango kilichopangwa hata kama mwaka ulikuwa mbaya.

9. Pokea mzigo kwa kuhesabu

Dereva ana haraka. Mwache awe nayo, wewe hesabu. Hesabu katoni zote, fungua moja kati ya kila tano, pima viroba kwa mizani. Geuza katoni uangalie chini: palipolowa panaonekana chini kabla ya juu. Soma tarehe. Makopo yaliyobonyea kwenye mshono au yaliyovimba yarudishe. Kilichopungua kiandikwe kwenye karatasi ya mzigo na dereva atie sahihi kabla gari halijaondoka. Simu ya "bosi, katoni mbili hazikufika" unayopiga kesho yake haina nguvu.

Ingiza mzigo kwenye daftari kabla ya kuuza hata kimoja.

10. Panga

Andika tarehe ya kuingia kwa maka peni kwenye kila katoni. Cha zamani kikae mbele, kipya nyuma. Viroba vikae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, maana ukuta wa Kigoma kuanzia Novemba hadi Aprili unatoa unyevu, na chumvi na sukari huvuta maji. Sabuni na mafuta ya taa visikae karibu na unga na mchele. Harufu ikishaingia kwenye sembe haitoki, na mteja ataitambua kwenye ugali.

11. Hakiki kila wiki

Chagua siku moja, hesabu fungu la kwanza lote, linganisha na daftari. Fungu la pili mara moja kwa mwezi. Fungu la tatu mara moja kwa miezi mitatu, na hapo amua: bidhaa ambayo haijatoka hata moja kwa miezi mitatu ishushe bei mpaka gharama, au hata chini ya gharama, uitoe. Hela itakayorudi nunulia sukari.

Majira ya kuyaangalia

Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mzigo wa mwaka jana usiupange kwa tarehe ya mwaka jana. Ujiji hasa, sukari, ngano, tambi na tende huanza kutoka kabla mwezi haujaandama. Weka mstari wa kuagiza juu wiki tatu kabla, ushushe wiki ya mwisho ya mfungo ili usibaki na tende.

Shule zikifunguliwa, Januari na Julai, madaftari na kalamu hutoka kwa siku chache sana kisha husimama.

Uvuvi nao una kalenda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi cha namna hiyo kikitangazwa, na wateja wako ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wabebaji wa mwaloni, punguza fungu la tatu mapema, weka ukomo wa kukopesha, na bakiza hela kwa ajili ya vyakula vya msingi katika vipimo vidogo. Watu hawaachi kula. Wanahama kutoka kilo kwenda robo.

Ukikwama

*Duka limejaa, hela haipo.* Fungua fungu la tatu ulipigie hesabu kwa bei uliyonunulia. Mara nyingi hela yako iko pale. La pili, angalia daftari la madeni. Bidhaa iliyokopwa imetoka stoo lakini haijaingia kwenye droo. Isiandikwe kama mauzo ya taslimu. La tatu, angalia nyumbani kwako. Kilo ya sukari leo, mafuta kesho, sabuni keshokutwa. Kulisha familia kwa duka lako ni haki yako, ila kila kinachokwenda nyumbani kiandikwe kwenye safu ya maelezo kwa herufi N, na mwisho wa mwezi ujumlishe. Wengi wakiiona jumla hiyo kwa mara ya kwanza huacha kumlaumu mchawi.

*Daftari linasema 40, shelfuni zipo 34.* Usianze kumtuhumu kijana wa dukani. Fuata mpangilio huu: kuna mzigo uliingizwa mara mbili? Kuna kilichokopwa bila kuandikwa? Kuna cha nyumbani? Kuna kilichopasuka au kuliwa na panya? Katoni ilikuwa na idadi kamili siku ya kupokea? Ukimaliza hayo, na pengo linarudi wiki tatu mfululizo kwenye bidhaa ileile, hapo kaa na kijana, mhesabu pamoja asubuhi na jioni, kila mmoja atie sahihi. Mara nyingi kuhesabu pamoja peke yake kunatosha kuliziba pengo.

*Ninaagiza kwenye mstari na bado naishiwa.* Ama wastani wako una zile siku ambazo bidhaa haikuwepo, ama siku za kusubiri ulizoandika ni za ahadi ya msambazaji. Rudi hatua ya 4 na ya 5.

*Bei ya jumla imepanda ghafla.* Usiuze mzigo wa zamani kwa bei ya zamani mpaka uishe ndipo ushtuke. Ukiuza kiroba cha 145,000 na cha kukirudishia ni 155,000, faida yako yote ya 10,000 inamezwa na kiroba kipya. Panga bei mpya kwa kuangalia gharama ya mzigo utakaonunua kesho, upandishe taratibu na kuwaambia wateja wako wa kila siku kabla hawajafika na shilingi mia nane mkononi. Kwa upande mwingine, tetesi tu za bei kupanda zisikufanye uweke mtaji wote kwenye sukari. Ongeza mzigo wa wiki moja zaidi, usizidi hapo.

*Mtaji hautoshi kufika kwenye mstari kwa bidhaa zote.* Anza na zile ambazo mteja akizikosa anahama. Kama hela ni ya bidhaa nne tu, basi sukari, sembe, mafuta na sabuni zikae kwenye mstari, nyingine nunua nusu au usinunue kabisa wiki hiyo. Shelfu litaonekana lina mapengo. Sogeza vitu mbele, acha nyuma pawe wazi, na hela ya mauzo ya siku tatu za kwanza irudi kwenye bidhaa hizohizo nne kabla ya kugusa nyingine yoyote.